Hawakurubuniwa, Walilimbikiziwa Madeni

Mkatoliki akihamia kanisa la kilokole, maelezo ya kuondoka kwake huwa yameshaandaliwa kabla hajazoea hata nyimbo za huko. Amerubuniwa. Utayasikia hayo katika mahubiri, katika vikao vya Halmashauri Walei, na katika mazungumzo ya vyama vya wanawake na wanaume Wakatoliki, WAWATA na UWAKA, baada ya Misa: manabii wa mjini, wenye vipaza sauti na mafuta ya upako, wamewanasa watu wasioijua imani yao. Ugonjwa ukishaelezwa hivyo, dawa zinajulikana: mafundisho zaidi na onyo kali zaidi. Anayerudi naye ana maelezo yake tayari. Amezinduka, miujiza aliyoahidiwa hakuiona, sasa amerejea mikono mitupu kama mwana mpotevu. Maelezo haya yana faida moja kubwa kwa wanaoyatoa: hayawadai chochote. Kosa lote ni la aliyeondoka na la aliyempokea. Parokia iliyompoteza haiulizwi swali.

Napinga maelezo hayo, na hoja ninayoitetea ni hii. Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki wanaoacha kusali kanisani kwao hawaanzi kwa kubadili imani. Wanaanza kwa kukosa: kukosa mkutano wa jumuiya ndogondogo wiki tatu, kukosa zaka miezi minne, kuahirisha ndoa ya kanisani mwaka mmoja ambao huzaa mingine kumi. Katika taratibu za parokia nyingi kila kukosa huandikwa, na kilichoandikwa hakisahauliwi, hujumlishwa. Ndivyo kutokuwepo kunavyogeuka deni, na deni likikua, siku ya kurudi inakuwa ghali kuliko siku ya kuanza upya mahali pengine ambako hakuna daftari lenye jina lako. Kwa hiyo anayevuka barabara kwenda kanisa la jirani mara nyingi hajatekwa na chochote. Amepiga hesabu. Anayerudi naye, mara nyingi, amerudi kwa sababu kuna mtu aliyelifuta deni hilo au aliyempa njia ya kulimaliza kwa heshima.

Tuanze na tarehe. Kama manabii wa runinga na mikutano ya uwanjani ndio wanaowaondoa Wakatoliki, basi kuondoka kungeanza pamoja nao, yaani kuanzia miaka ya 1980 na 1990. Lakini mmojawapo wa mifarakano mikubwa kabisa kuwahi kulipata Kanisa Katoliki barani Afrika ulitokea mwaka 1963, kwa Waluo wa Nyanza nchini Kenya, chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Hao ndio waanzilishi wa Legio Maria. Walioondoka pamoja nao hawakuutupa Ukatoliki. Walikwenda na rozari, na Kilatini, na Bikira Maria, na ngazi zote za uongozi wa Kanisa kuanzia padre hadi papa. Aoko, mwanamke asiye na daraja lolote, alibatiza umati. Waliopokelewa ni pamoja na watu ambao hali zao za ndoa, hasa ndoa za mitala, zilikuwa zimewaweka nje ya meza ya Bwana. Mtu aliyeichoka imani yake habebi vyombo vyake vyote vya ibada anapoikimbia. Hawa walivibeba.

Ng'ambo ya mpaka, mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliyachunguza makanisa ya namna hiyo miongoni mwa Waluo wa Mara Kaskazini nchini Tanzania, na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1973. Alichokiona huko ni vikundi vidogo ambamo kila mtu alijulikana kwa jina, alikuwa na kazi ya kufanya, na akiugua alitembelewa. Mwaka huohuo Adrian Hastings, padre Mkatoliki aliyekuwa ameombwa na maaskofu wakuu wa Kianglikana kuchunguza ndoa ya Kikristo barani Afrika, alichapisha ripoti yake. Ilionyesha kwamba ndoa za kanisani zilikuwa zikipungua, na kwamba umati wa waumini waliobatizwa ulikuwa umezuiwa komunyo kwa sababu ya hali zao za ndoa. Hapo hakuna runinga, hakuna mafuta ya upako, hakuna nabii mwenye walinzi. Kuondoka kulikuwapo kabla ya hao wanaoshtakiwa kuzaliwa katika uwanja wa dini, na sababu zake zilikuwa zimeandikwa na watu wa Kanisa lenyewe.

Sasa twende kwenye takwimu, kwa uangalifu. Tanzania haijauliza swali la dini katika sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo anayedai kwamba Wakatoliki wa nchi hii wanahama kwa maelfu kila mwaka, au kwamba hawahami kabisa, anasema bila sensa ya kumuunga mkono. Majirani zetu huuliza. Nchini Uganda, Wakatoliki walikuwa asilimia 41.9 ya watu wote mwaka 2002 na asilimia 39.3 mwaka 2014, huku Wapentekoste wakipanda kutoka chini ya asilimia 5 hadi 11.1. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Wakatoliki milioni 9, karibu asilimia 23, na ya mwaka 2019 ikahesabu milioni 9.7, chini kidogo ya asilimia 21. Hiyo si picha ya mafuriko. Watu wengi wangekuwa wanatekwa kwa ishara na maajabu, tungetarajia kuanguka kwa ghafla pale nabii mpya anapopiga hema lake. Tunachokiona ni mvujo wa polepole, mwongo hadi mwongo, wa aina ambayo husababishwa na mambo ya kila wiki.

Waliohojiwa wenyewe wanasemaje? Utafiti mpana kuhusu jambo hili haukufanyika kwetu bali Amerika ya Kilatini, eneo lenye Wakatoliki wengi kuliko jingine lolote. Mwaka 2014 kituo cha utafiti cha Pew kilitangaza matokeo ya mahojiano katika nchi 18 pamoja na Puerto Rico. Watu wazima waliolelewa Kikatoliki walikuwa asilimia 84, na waliobaki walikuwa asilimia 69. Waliohamia Uprotestanti waliulizwa sababu. Asilimia 81 walisema walitafuta uhusiano wa karibu zaidi na Mungu. Asilimia 59 walisema walikuta kanisa linalowasaidia zaidi waumini wake, na asilimia 58 walisema kanisa jipya ndilo lililowafuata. Waliotaja kutafuta hali bora ya kifedha walikuwa asilimia 14 tu. Mtu anaweza kupinga kwamba hakuna anayekiri mbele ya mhoji kuwa alifuata pesa, na pingamizi hilo lina uzito. Lakini watu hao hawakuona haya kusema kwamba walivutiwa na kusaidiwa, na kusaidiwa si jambo la mbinguni. Wangetaka tu kujipamba kwa utakatifu wangelificha na hilo. Nchini Marekani, utafiti wa kituo hichohicho wa mwaka 2009 uliwauliza Wakatoliki wa zamani ambao sasa hawana dini yoyote, na asilimia 71 walisema walijikuta wametoka taratibu, bila tukio. Walioitaja kashfa ya mapadre kudhulumu watoto hawakufika theluthi moja.

Kutoka taratibu kunafanyikaje kwetu? Itazame kadi ya zaka. Ina visanduku 12, kimoja kwa kila mwezi, na nafasi ya saini ya mweka hazina wa jumuiya. Kisha itazame ratiba ya jumuiya yenyewe, ambayo mijini mara nyingi hukutana Jumamosi alfajiri, nyumba hadi nyumba. Mchukue mlinzi wa usiku anayetoka lindo saa moja asubuhi, au mama anayenunua samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam, kabla jua halijachomoza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa akaamua kuasi. Ratiba imewapita tu. Lakini mahudhurio yanaandikwa, visanduku vinabaki vitupu, na michango mingine inaongezeka juu yake: tegemeza jimbo, ujenzi wa kigango, sherehe ya somo wa parokia, zawadi ya paroko anayehamishwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu mtoto anafikia umri wa komunyo ya kwanza. Katekista anataka barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti anafungua daftari. Kabla hawajagusa habari ya mtoto kuijua Baba Yetu, wanazungumza malimbikizo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mzazi huyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kwenda mbele ya majirani zake, aeleze hali yake, alipe sehemu na kuahidi sehemu, na akubali kuitwa mlegevu. Ya pili ni kwenda kwenye kanisa la mabati mtaa wa pili, ambako Jumapili ya kwanza atasimamishwa kama mgeni, atapigiwa makofi, na ataulizwa ana shida gani aombewe. Huko hana historia. Tofauti ya njia hizo mbili haiko katika mafundisho ya Ekaristi wala ya Bikira Maria. Iko katika gharama ya kuingia. Tunaposema huyo hakufundishwa vizuri katekisimu, tunatoa jibu la swali ambalo hakujiuliza.

Ndoa ni deni zito kuliko zaka. Kwa sheria ya Kanisa, Mkatoliki hufunga ndoa halali mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Hakuna mahali sheria inapotaja kamati ya harusi, ukumbi, keki, sare za wapambe wala msafara wa magari. Lakini katika maisha yetu ndoa ya kanisani imeshikamana na sherehe kiasi kwamba asiye na fedha za sherehe huona hana ndoa ya kufunga. Kuna pia mahari ambayo haijaisha, na wazee ambao hawatatoa ruhusa kabla haijaisha. Kwa hiyo vijana wawili wanaopendana, wote wamebatizwa na kupata kipaimara, wanaanza kuishi pamoja wakisubiri mwaka wa neema. Tangu siku hiyo hawakomuniki. Wanakuja Misa, wanabaki kwenye benchi wengine wanapopanga foleni, na watoto wao wanawauliza kwa nini. Mtu anaweza kuvumilia kukaa kwenye benchi hilo miezi sita. Miaka minane ni mingi. Anaanza kuja Jumapili moja kwa mwezi, halafu Krismasi na Pasaka, halafu misibani. Wakati wote huo hajaikana hata ibara moja ya Kanuni ya Imani.

Najua jibu litakalotolewa hapa: kwamba Kanisa si soko, na sakramenti hazishushwi bei ili kuwapendeza watu. Nakubali kabisa. Sidai Kanisa libadili fundisho lake kuhusu ndoa. Ninachodai ni kwamba tutenganishe sheria ya Kanisa na sheria ndogondogo za parokia, maana sehemu kubwa ya kinachowafukuza watu ni hizo za pili zikijifanya za kwanza. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 uko wazi kuliko taratibu zetu. Kanuni ya 222 inawadai waamini walisaidie Kanisa katika mahitaji yake, na hakuna anayepinga hilo. Lakini kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai kitu kwa ajili ya sakramenti zaidi ya matoleo yaliyowekwa na mamlaka halali, na inamwamuru aangalie mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kuhusu mazishi, kanuni ya 1181 inataka pasiwe na upendeleo wala maskini wasinyimwe ibada inayostahili. Kanuni ya 1184 ndiyo inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waasi wa imani wanaojulikana wazi, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa mwili kwa nia iliyo kinyume cha imani, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kungeleta kashfa. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Soma orodha hiyo mara mbili. Asiyehudhuria jumuiya hayumo. Mwenye kadi tupu hayumo. Lakini familia ngapi zimeambiwa, maiti ikiwa bado hospitalini, kwamba marehemu hakuwa hai katika jumuiya na kwa hiyo atazikwa na katekista, au hatazikwa na yeyote?

Hakuna mahubiri ya mlokole yanayoweza kufanya kazi ambayo mazishi ya namna hiyo hufanya. Marehemu ameshakwenda mbele ya hukumu nyingine, adhabu haimfikii. Inawafikia wanawe watano na wajukuu wao, ambao watakumbuka nani alikuja kuomba kaburini na nani hakuja. Mara nyingi aliyekuja ni mchungaji wa kanisa la jirani, bila kuitwa na bila kuuliza kadi.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na linastahili jibu kamili. Watu husema: kama fedha ndiyo inayowakimbiza, mbona wanakimbilia makanisa yanayodai fedha nyingi zaidi? Huko kuna fungu la kumi, kuna sadaka ya mbegu, kuna sadaka ya ujenzi, na mara nyingine bahasha hutajwa kwa sauti. Ni kweli. Na ukweli huo ndio unaothibitisha kwamba tatizo letu si kiasi. Anayetoa huko hutoa kwa ajili ya kesho anayoitumaini, hata kama tumaini lenyewe ni la kutilia shaka, na huenda analaghaiwa. Lakini akikosa mwezi huu, mwezi ujao anaanza sifuri. Hakuna anayemwambia mtoto wake hatabatizwa kwa sababu ya Februari na Machi. Kwetu kiasi ni kidogo na kumbukumbu ni ndefu. Binadamu huweza kutoa kingi kwa hiari na kukimbia kidogo anachodaiwa hadharani, na hilo halihitaji nabii kulieleza.

Wapo watakaosema kwamba bila masharti hayo jumuiya zitakufa, kwa kuwa watu wetu hawaji bila kusukumwa. Hoja hii inaikosea historia. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele miaka ya 1970, hasa katika mkutano wao wa mwaka 1976, walikuwa wakijaribu kulipa Kanisa kitu kilekile ambacho watafiti walikikuta katika makanisa yaliyojitenga: mahali pa watu wachache wanaojuana, wanaosoma Neno pamoja, wanaomtembelea mgonjwa na kubeba msiba wa mwenzao. Ilikuwa fikra kubwa, na pale inapotekelezwa hivyo bado ni hazina ambayo makanisa mengi yanaionea wivu. Lakini chombo kilichotungwa ili mtu ajulikane kimegeuzwa katika sehemu nyingi kuwa chombo cha kumkagua. Jumuiya inayokusanya michango sita, kutoa barua, kupitisha majina ya wanaostahili kuzikwa, na kumaliza kwa dakika kumi za Injili, imebeba kazi ya ofisi. Watu huijia kama wanavyoijia ofisi, wakiwa na shida ya karatasi. Sharti la mazishi linaleta mahudhurio, hilo sikatai. Linayaleta kwa hofu, na anayehudhuria kwa hofu ya kaburi ataacha siku atakapopata kaburi kwingine.

Kuna pia hoja ya uponyaji, ambayo watetezi wa maelezo yaliyozoeleka huiona kuwa ngome yao. Wanasema watu wetu wanapenda miujiza, na miujiza iko huko. Lakini historia ya Kanisa letu inaonyesha kwamba hamu ya kuombewa haimtoi mtu kanisani yenyewe. Emmanuel Milingo alipokuwa Askofu Mkuu wa Lusaka alianza huduma ya kuponya mwaka 1973, na umati uliomfuata ulikuwa wa Wakatoliki waliotaka kubaki Wakatoliki. Aliyeondoka kwanza ni yeye, alipoitwa Roma mwaka 1982. Nchini Tanzania, Padre Felicien Nkwera wa Jimbo la Njombe alivuta maelfu kwa huduma ya maombezi iliyojaa rozari na ibada kwa Mama Maria. Viongozi wa Kanisa walipoipinga huduma hiyo, wafuasi wake hawakugeuka walokole. Waliendelea kujiita Wakatoliki hata walipozuiwa. Nao Uamsho wa Karismatiki, ulioanza kati ya Wakatoliki wa Marekani mwaka 1967 na kuenea hadi parokia zetu, umewaweka ndani watu ambao tayari walikuwa na mguu mmoja nje. Mgonjwa anayetaka kuwekewa mikono hajapotoka. Kanisa lina sakramenti nzima kwa ajili yake, Mpako wa Wagonjwa, ambayo wengi bado wanaiogopa kama hati ya kifo kwa sababu huiona tu pale mtu anapokata roho. Kama mahitaji hayo ni ya Kikatoliki na dawa yake ni ya Kikatoliki, kuyaita mtego wa manabii ni kuwapa manabii mali isiyo yao.

Lazima nikubali kwamba wako wanaoondoka kwa usadikisho. Amesoma Biblia, amelinganisha, amefikia uamuzi kwamba fundisho fulani la Kikatoliki hawezi kuliamini, na ameondoka kwa dhamiri safi. Hoja yangu haimhusu, wala simwonei huruma, kwa sababu haombi huruma. Ila nasema kwamba kumwita naye mtu aliyetekwa ni kumtukana, na ni kukwepa mjadala ambao Kanisa lina uwezo wa kuufanya. Wako pia wasiosali popote, vijana wa mjini hasa, ambao nabii hajawapata wala paroko hana habari zao. Maelezo ya kurubuniwa hayawagusi kabisa, maana hakuna aliyewarubuni. Maelezo ya deni yanawagusa, kwa kuwa kijana aliyehamia jiji geni bila barua ya parokia alikotoka anaanza maisha mapya akiwa tayari hana karatasi.

Kama kuna anayedhani kwamba kufunga sakramenti kwa malipo kutawabakiza watu, aitazame Ujerumani. Huko kodi ya kanisa hukatwa kupitia serikali, na anayetaka kuacha kulipa hujiondoa rasmi mbele ya mamlaka ya kiraia. Mwaka 2012 maaskofu walitoa tamko kwamba anayejiondoa hivyo hastahili sakramenti, na anaweza kunyimwa mazishi ya Kanisa. Mwaka 2022 peke yake walijiondoa Wakatoliki 522,821. Zipo sababu nyingine nzito katika idadi hiyo, zikiwamo kashfa za udhalilishaji, na haitakuwa haki kuiweka yote juu ya kodi. Lakini hili angalau limethibitika: tishio la mazishi halikuuzuia mlango.

Turudi kwa wanaorejea, maana hao ndio mtihani wa hoja yoyote. Maelezo yaliyozoeleka yanatabiri kwamba watarudi wakiwa wamevunjika moyo na miujiza. Lakini tazama ni siku gani hurudi. Hurudi mama mkwe akifariki na padre akija nyumbani bila kuuliza. Hurudi mtoto akianza mafundisho. Hurudi kwa wingi kuliko wakati wowote parokia inapotangaza ndoa za pamoja: hakuna ukumbi, hakuna kamati, kila mmoja aje na mashahidi wake. Siku hiyo utaona wazee wa miaka sitini wakiapa mbele ya altare huku wajukuu wao wakisimama nyuma kama wapambe, na baada ya dakika chache wakipokea komunyo ambayo hawajaigusa tangu ujana. Watu hao hawakuhubiriwa fundisho jipya asubuhi hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kizuizi kimoja kimeondolewa kwa njia isiyowaaibisha. Ndiyo maana kurudi si jambo la nadra kama tunavyodhani. Nchini Marekani utafiti ule wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi aliwahi kuacha dini ya utotoni na kisha kuirejea.

Tena Kanisa Katoliki lingepaswa kuwa mahali rahisi kuliko pote pa kurudia. Ubatizo wake haurudiwi. Aliyebatizwa mara moja amebatizwa. Asiye na kizuizi cha ndoa anatenganishwa na meza ya Bwana na kitubio kimoja tu, ambacho hakina ada. Kimafundisho njia ya kurudi ni fupi mno. Tulioirefusha ni sisi, kwa daftari. Tunapenda kumwita anayerejea mwana mpotevu, lakini tukumbuke kwamba baba wa mfano ule hakuuliza urithi ulitumikaje kabla ya kuagiza ndama. Aliyekuwa na hesabu kamili ya miaka aliyotumika ni kaka mkubwa, na yeye ndiye aliyebaki nje ya karamu.

Mwaka 2025 Kanisa zima liliadhimisha Jubilei. Jubilei katika Biblia ni mwaka wa kusamehe madeni na kumrudisha mtu kwenye ardhi yake. Katika ile ya mwaka 2000, Papa Yohane Paulo II na maaskofu wa nchi maskini walisimama mbele ya dunia wakisema kwamba deni lisilolipika humgeuza mdaiwa kuwa mtumwa, na mwaka uliofuata Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopunguziwa mzigo. Hoja ile ilikuwa sahihi, na haipungui nguvu inapofika kwenye kadi ya zaka. Parokia inaweza kufuta malimbikizo yote ya miaka iliyopita na kuanza kila Januari na ukurasa mpya. Inaweza kuitenga barua ya sakramenti na risiti ya michango, kufunga ndoa za pamoja kila mwaka bila kungoja Jubilei, na kuwazika wote ambao kanuni ya 1184 haiwakatazi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ruhusa ya Roma, kwa sababu Roma ilishaliandika. Baada ya hapo, wale watakaoendelea kuondoka tutakuwa na haki ya kujadiliana nao kuhusu imani. Kwa sasa bado tunabishana nao kuhusu Februari na Machi.